Jinsi ya kusimika kibao cha historia kando ya barabara, Lindi na Mtwara

Maswali ni yale yale kila mara. Tunaanzia wapi? Kibali anatoa nani? Kibao kiwe cha chuma au cha jiwe? Kwa nini kile cha kijiji jirani kiling'olewa? Majibu yote yako hapa, kwa mpangilio wa kazi yenyewe. Mwongozo huu ni kwa kamati ya kijiji, walimu, vijana wa utamaduni, parokia au msikiti, na yeyote anayetaka mpita njia ajue alipo.

Kusini pana mengi ya kuandikwa na vibao vichache. Msafiri anaweza kutoka Mnazi Mmoja hadi Masasi asijue kwamba amepita Mahiwa, palipopiganwa mapigano makali kuliko karibu yote ya Vita vya Kwanza vya Dunia katika Afrika Mashariki, Oktoba 1917. Anavuka tuta la iliyokuwa reli ya Mtwara–Nachingwea akidhani ni kichuguu kirefu.

Kabla ya kuanza, uwe na hivi

Kwa upande wa watu: kamati ya watu watano hadi saba, wakiwemo wazee wasiopungua wawili na mtu mmoja mwenye mwandiko mzuri, fundi wa kuchomelea, fundi wa kuandika mabango kwa mkono, na mtendaji wa kijiji anayejua jambo hili tangu siku ya kwanza.

Kwa upande wa vifaa, kwa kibao kimoja cha sm 120 kwa 80:

- shiti ya chuma ya mm 2. Shiti nzima ya futi 8 kwa 4 inatoa vibao vitatu, kwa hiyo unganeni na vijiji viwili vya jirani
- bomba la mraba la mm 40 kwa 40, urefu wa mita 6, kipande kimoja, kwa ajili ya fremu
- bomba la duara la inchi 2, zito, la mita 6, kipande kimoja, kwa ajili ya miguu
- saruji mifuko 2 ya kilo 50
- mchanga wa mtoni ndoo 5 za lita 20, na kokoto ndoo 10
- rangi ya kuzuia kutu lita 1, rangi ya mafuta nyeupe lita 1, nyeusi nusu lita
- msasa, brashi, kipimamaji, kamba, futi ya kupimia ya mita 50
- daftari gumu, na simu ya kurekodi sauti

Aluminiamu ni nyepesi na haishiki kutu, lakini wanunuzi wa vyuma chakavu wanaipenda mno. Usiitumie kando ya barabara. Nguzo za mti zitaliwa na mchwa.

Panga majira. Huku kwetu mvua huanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei. Kazi ya zege na rangi ifanyike kuanzia Juni. Juni hadi Agosti watu wako kwenye mikorosho asubuhi wakipuliza salfa, kwa hiyo vikao na wazee viwe alasiri. Ukisubiri Oktoba, kijiji kizima kiko kwenye kuokota korosho na akidi ya mkutano hutaipata.

Hatua ya 1: Chagua jambo moja na mahali pamoja

Kibao kinaeleza kilichotokea hapo kinaposimama. Kosa la kwanza la karibu kila kamati ni kutaka kusimulia historia yote ya wilaya kwenye shiti moja. Chukua jambo moja: tuta la reli, mwembe, kisima, njia ya wapagazi, shule ya kwanza, uwanja wa mapigano.

Hakikisha mahali ni penyewe. Mfano unaokosewa sana ni wa Maji Maji. Kinjikitile Ngwale alikuwa mtu wa Ngarambe, upande wa Rufiji, na alinyongwa Mohoro, Agosti 1905. Nandete, palipong'olewa pamba Julai 1905, iko Kilwa. Kilwa Kivinje nako walinyongwa wapiganaji, lakini si Kinjikitile. Ukiyachanganya hayo matatu kwenye kibao kimoja, unawanyima watu wa Nandete na wa Kivinje sehemu yao wenyewe.

Hatua ya 2: Kusanya ushahidi

Hii ndiyo hatua inayobeba kazi yote. Ipe mwezi mzima.

Anza na wazee. Tafuta watatu au zaidi wa koo tofauti. Ndugu wa nyumba moja huwa na simulizi moja. Nenda na mtu anayejulikana nyumbani hapo, toa shikamoo, kaa, zungumzeni habari za shamba kwanza. Omba ruhusa kabla ya kurekodi. Swali la kwanza lisiwe "ilikuwa mwaka gani?" Mzee ataona aibu kukosa jibu na atataja mwaka wowote. Uliza hivi:

- Mzee, haya uliyaona mwenyewe au ulisimuliwa? Na nani?
- Ulikuwa mkubwa kiasi gani? Ulikuwa umeshaingia jandoni?
- Ilikuwa kabla au baada ya reli kung'olewa?
- Nani mwingine alikuwepo ambaye bado yuko hai?
- Mahali hapa paliitwaje zamani?

Swali la kwanza ndilo zito. Piga hesabu: mwenye miaka 85 leo alizaliwa karibu na 1940. Mpango wa karanga wa Nachingwea, ulioanza 1947 na kuachwa 1951, aliuona akiwa mtoto. Reli iliyojengwa kwa ajili ya karanga hizo aliiona kwa macho, maana iling'olewa miaka ya 1960. Kambi ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, pale Nachingwea aliijua akiwa kijana. Maji Maji ya 1905 hadi 1907 hakuiona. Alisimuliwa na babu yake. Simulizi hiyo ina thamani kubwa, ila iandikwe kama simulizi.

Kisha tafuta maandishi. Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zina vitabu vya wilaya vya wakati wa Mwingereza. Misheni nazo zina kumbukumbu: Wabenediktini wako Ndanda tangu 1906, na Waanglikana wa UMCA waliweka makazi ya watumwa walioachwa huru Masasi mwaka 1876. Andika barua rasmi kupitia halmashauri. Ukienda mikono mitupu utarudishwa.

Kila taarifa iandike kwenye daftari kwa safu tatu: taarifa yenyewe, aliyeitoa, na alama. K ni kwa iliyothibitishwa na watu wawili wasiohusiana au na maandishi. S ni kwa simulizi ya upande mmoja. X ni kwa inayopingana na nyingine. Kwenye kibao zinaingia K. S inaweza kuingia moja, ikitanguliwa na "Wazee wa hapa wanasimulia kuwa". X haiingii kabisa, hata kama ndiyo tamu kuliko zote.

Onyo: usichimbe. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda magofu na vitu vya kale, na kuchimba bila leseni ni kosa. Ukikuta mifupa ya watu, funika, usipige picha, mwite mtendaji na polisi. Kwenye maeneo ya vita kama Mahiwa, chuma cha kutu cha mviringo kisiguswe wala kugongwa, kwa sababu kinaweza kuwa kombora.

Hatua ya 3: Andika maneno

Kibao cha sm 120 kwa 80, chenye herufi za sm 2.5 na nafasi ya sm 4.5 kati ya mstari na mstari, kinabeba mistari 10 ya maneno manane hivi. Yaani maneno 80 pamoja na majina na miaka. Ukizidisha, fundi atapunguza herufi na hakuna atakayesoma.

Tazama rasimu ya aina inayoandikwa mara nyingi kuhusu Tendaguru:

> Kilima cha Tendaguru ni kivutio maarufu duniani ambapo mtafiti wa Kijerumani aligundua dinosaria mkubwa kuliko wote, fahari ya Taifa letu.

Ina makosa manne. Haina mwaka. "Mkubwa kuliko wote" si kweli tena. Wameshapatikana wakubwa zaidi kwingineko. Bernhard Sattler, aliyetoa taarifa mwaka 1906, alikuwa mhandisi wa kampuni ya madini, na mifupa ilikuwa imejitokeza juu ya ardhi ambako wenyeji walipita kila siku; "aligundua" linamfanya mgeni kuwa mtu wa kwanza kuwa na macho. La nne ndilo baya zaidi: waliochimba na kubeba hawamo. Sasa hii:

> TENDAGURU
> Kati ya mwaka 1909 na 1913, mamia ya wafanyakazi Waafrika walichimba kuzunguka kilima hiki mifupa ya dinosaria wa miaka milioni 150 hivi iliyopita. Msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani. Wapagazi waliibeba mifupa kwa miguu hadi bandari ya Lindi, ikapelekwa Berlin, Ujerumani. Kiunzi kimoja, chenye kimo cha zaidi ya mita 13, kimesimamishwa katika makumbusho ya huko hadi leo. Waingereza walichimba tena hapa kuanzia 1924 hadi 1931.

Hayafiki maneno 70. Yana miaka, kazi, njia, na jina la mtu wa hapa aliyeongoza kazi. Msomaji anayejua habari za "mjusi wa Tendaguru" kutoka bungeni au redioni anapata alichokosa: mikono iliyomtoa ardhini.

Kanuni nne za kushika. Sentensi ya kwanza iwe na mwaka na neno "hapa", "hiki" au "huu". Taja mwenyeji angalau mmoja kwa jina, na kama majina hayapo taja kazi yao: wapagazi, vibarua wa reli, askari. Ondoa sifa zote: maarufu, kubwa, ya kihistoria, ya kipekee. Na usiseme nani alishinda mpaka umehakikisha. Mahiwa wengi huandika kwamba Wajerumani walishindwa pale. Ukweli ni kwamba jeshi la Uingereza lilipoteza watu zaidi ya 2,000, waliouawa na kujeruhiwa, na la Wajerumani mamia kadhaa. Ila Wajerumani hawakuwa na wa kuziba pengo hilo, wakarudi nyuma na kuvuka Ruvuma mwezi uliofuata. Na pande zote mbili walioanguka wengi walikuwa Waafrika, wakiwemo askari waliotoka Nigeria. Kibao kinachotaja majenerali wawili tu pale Mahiwa kimeacha karibu wote waliokuwepo.

Kiswahili kitangulie, kwa herufi kubwa zaidi. Lugha nyingine ikihitajika, iwe kibao cha pili.

Hatua ya 4: Soma maneno mkutanoni

Soma rasimu kwa sauti, polepole, mara mbili, kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Wape watu wiki mbili za kuleta marekebisho kwa mtendaji. Mabishano yatakuja, hasa kuhusu ukoo upi ulifika kwanza na jina la mahali liandikwe Kimwera, Kimakonde au Kiyao. Yaache yaje sasa, wakati kalamu inafutika. Jina lenye matamshi mawili liandikwe yote mawili. Suala la nani alitangulia kufika liondoe kwenye kibao.

Maneno yakipitishwa yaingie kwenye muhtasari wa mkutano, neno kwa neno, na muhtasari uwe na sahihi na muhuri.

Hatua ya 5: Vibali

Kwanza jua barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS; nenda kwa meneja wa mkoa, Lindi au Mtwara mjini. Za wilaya, mijini na vijijini ni za TARURA. Kwa barabara kuu na za mkoa, Sheria ya Barabara ya 2007 imeweka hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara.

Ushauri wetu ni mmoja: simika nje ya hifadhi. Kibao kilicho ndani kinahitaji kibali, na barabara ikipanuliwa kinaondoka bila fidia. Vile vilivyopigwa X nyekundu au kung'olewa na greda karibu vyote vilikuwa ndani ya mita hizo. Kama mita 30 ni mbali mno kuonekana, omba mamlaka ya barabara ruhusa ya kibao kidogo cha mshale, na hiki kikubwa kibaki salama.

Faili lako liwe na: muhtasari wa mkutano, barua ya mwenye shamba akikubali kutoa eneo la mita 3 kwa 3, yenye sahihi za mashahidi wawili, mchoro wa eneo wenye vipimo, maneno ya kibao, na barua ya kamati. Linapita kwa mtendaji wa kijiji, mtendaji wa kata, kisha kwa mkurugenzi wa halmashauri, ambako afisa utamaduni hulishughulikia. Kama mahali ni gofu, kaburi la kale au eneo lililotangazwa, barua iende pia Idara ya Mambo ya Kale. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981. Huko usisimike hata kigingi bila wao.

Toa nakala tatu za kila karatasi, na kila unapopeleka gongesha muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako.

Hatua ya 6: Pima mahali

Gari la mwendo wa kilomita 50 kwa saa linakwenda mita 14 kila sekunde. Dereva anahitaji sekunde tatu, yaani mita 42, kuona na kuamua. Kwa hiyo yeye anasoma kichwa tu: neno moja au mawili, herufi za sm 12. Maneno mengine ni ya aliyeshuka.

Pawe na sehemu ya gari kuegesha nje ya lami. Usisimike kwenye kona, karibu na daraja wala kileleni mwa mlima. Epuka udongo mweusi wa mbugani, unaovimba masika na kupasuka kiangazi, unasukuma nguzo. Uso wa kibao ukielekezwa kusini haupigwi na jua moja kwa moja sehemu kubwa ya mwaka, na rangi hudumu.

Hatua ya 7: Tengeneza kibao

1. Kata fremu ya sm 120 kwa 80 na ubavu mmoja wa katikati. Chomelea shiti juu yake kwa mshono unaoendelea kuizunguka yote. Mishono ya hapa na pale inaacha maji yaingie.
2. Toboa tundu la mm 8 chini ya fremu, pembe zote mbili, maji yatoke.
3. Kata bomba la duara vipande viwili vya sm 265. Kilichobaki, sm 70, kata vinne vya kuchomelea chini ya miguu kama masikio, ili nguzo isizungushwe wala kung'olewa.
4. Chomelea miguu nyuma ya fremu, sm 100 kati ya mguu na mguu.
5. Gonga mabaki yote ya uchomeleaji, piga msasa hadi chuma king'ae, futa vumbi. Siku hiyo hiyo paka rangi ya kuzuia kutu. Pwani, chuma kilicholala wazi usiku mmoja kimeshaanza kutu. Mikono miwili, yaani ipakwe mara mbili, mbele na nyuma.
6. Paka nyeupe mikono miwili, ukiacha siku moja katikati.
7. Piga mistari kwa penseli, andika maneno yote kwa penseli, mtu wa pili asome herufi kwa herufi akilinganisha na muhtasari. Ndipo fundi aandike kwa rangi nyeusi.

Stika ni rahisi na inapendeza siku ya uzinduzi, lakini jua la Kusini huibandua. Mkono wa fundi mzuri unaishi zaidi.

Hatua ya 8: Simika

1. Chimba mashimo mawili ya sm 40 kwa 40, kina sm 70.
2. Changanya zege: saruji 1, mchanga 2, kokoto 4, kwa ndoo ile ile. Kwa mashimo yote mawili ni saruji ndoo 2 na nusu, mchanga 5, kokoto 10, maji yasiyozidi ndoo 2. Mchanga wa baharini na maji ya chumvi ni marufuku. Chumvi italila bomba likiwa ndani ya zege.
3. Mwaga sm 5 za zege chini, simamisha kibao, tia kipimamaji pande mbili, shikilia kwa miti minne.
4. Jaza zege huku ukishindilia. Juu malizia kwa mteremko ili maji yasituame shingoni mwa bomba.
5. Jaza zege laini ndani ya mabomba kutoka juu, kisha ziba. Bomba lililojaa halikatwi kwa msumeno kirahisi.
6. Funika kwa magunia, mwagia maji asubuhi na jioni kwa siku 7. Miti ya kushikilia isitolewe kabla ya siku ya tatu.

Jina la mgeni rasmi liwekwe kwenye kibao kidogo cha pembeni au kwenye zege la chini, kamwe lisiwe ndani ya maneno ya historia.

Yakiharibika

*Kutu inatoka kwenye mishono.* Mabaki ya uchomeleaji hayakugongwa. Kwangua hadi chuma, rudia rangi ya kuzuia kutu kwenye sehemu hiyo tu, kisha nyeupe.

*Rangi inabanduka kama maganda.* Chuma kilikuwa na mafuta au umande. Huwezi kuziba juu. Kwangua yote, anza upya.

*Kibao kimeinama baada ya masika.* Shimo lilikuwa fupi au udongo ni wa mbugani. Kisukume kisimame, chimba kuzunguka hadi sm 80, ongeza zege pana zaidi chini kuliko juu.

*Nyufa kwenye zege wiki ya kwanza.* Halikumwagiwa maji. Ufa mwembamba jaza kwa uji wa saruji. Ufa unaopitisha ukucha, vunja na mwaga upya.

*Watu wanabandika matangazo.* Weka ubao wa matangazo wa kijiji hatua chache pembeni, na matangazo yatahamia huko.

*Mtu ameleta ushahidi kwamba mwaka si huo.* Pokea, andika daftarini, utafute uthibitisho wa pili. Ukithibitika, rekebisha kwa rangi na uandike chini "Yamerekebishwa" na mwaka. Hii ndiyo faida ya rangi kuliko jiwe la kuchonga.

*Mwenye shamba amefariki na warithi wanakidai kiwanja.* Toa barua ya mashahidi wawili. Kama haikuandikwa, kaa na warithi mapema na mtendaji akiwepo, muiandike sasa.

*Majani yamekifunika.* Teua mtu mmoja kwa jina, si "vijana wa kijiji", afyeke mita mbili kuzunguka kila Februari na kila Mei, na aoshe kibao kwa maji matamu na sabuni. Kilicho karibu na bahari kioshwe kila mwezi.

Daftari la ushahidi likae ofisi ya kijiji, na nakala yake kwa afisa utamaduni wa wilaya.